Mlangoni pa Ruvu: Habari za Pangani na Watu Wake

Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya Bweni, msafiri asimamaye ukingoni mjini Pangani akingoja pantoni huona maji ya namna mbili yakikutana mbele ya macho yake: maji mekundu ya mto, yaliyobeba udongo wa Kilimanjaro na Meru, wa Upare na Usambara, na maji ya chumvi yapandayo na kushuka kwa bamvua na maji mafu, yakisukumana kutwa kucha pasipo upande mmoja kuushinda mwingine. Mto huo, ambao watu wa juu huuita Ruvu na wa pwani huupa jina la mji wao, una lango jembamba. Na mbele ya lango, baharini, limelala fungu la mchanga ambalo tangu zama za mababu ndilo lililohukumu chombo gani kiingie na kipi kitie nanga nje. Jahazi lenye nahodha mwenyeji hungoja maji yajae, likapita. Meli kubwa za moshi zilibaki kulitazama kwa mbali. Asiyelijua fungu hilo hawezi kuijua taarikhi ya Pangani.

Wilaya yenyewe, iliyo katika Mkoa wa Tanga, ni ndogo. Imejinyoosha kando ya bahari kutoka mpaka wa Muheza kaskazini hadi nyika za Saadani kusini, na vijiji vyake, Madanga, Bushiri, Mwera, Ushongo, Kipumbwi, Mkalamo, Mkwaja, vimetawanyika baina ya minazi, mikonge na vichaka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 54,025, idadi ambayo kata moja ya Dar es Salaam huweza kuizidi. Lakini mtu akikaa barazani jioni, akauliza kwa adabu nasaba za walioketi, atatajiwa Wazigua, Wabondei, Wasegeju na Wadigo, Washirazi na Waarabu wa Omani, Washihiri, Wabaluchi na Wahindi, kisha, asipotazamia, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wangoni na Warundi, watu ambao nchi za babu zao ziko mwendo wa wiki nyingi kwa miguu. Nimelifikiri jambo hili muda mrefu, wala sijalipatia tafsiri ila hii: kwamba Pangani imepitiwa na mali nyingi, pembe, sukari na mkonge, ambazo faida yake ilihesabiwa katika daftari za miji mingine, Unguja, Bombay, Hamburg na London, na kila mali ilipokwenda zake iliwaacha nyuma watu iliowaleta, wakaoa, wakapanda minazi, wakazikana.

Kabla ya dola yoyote ya kigeni kusimika bendera, mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa majumbe, waungwana waliokuwa na haki ya kupokea ada kwa kila msafara uliotoka au kuingia, na ambao hadhi yao haikukaa katika fedha iliyofungiwa sandukuni, bali katika fedha iliyotumika: karamu walizolisha watu, ngoma walizochezesha, vilemba na nguo walizowavika wafuasi wao. Sultani Seyyid Said wa Omani alipoifanya Unguja makao yake, Pangani ilipata liwali, forodha na askari wachache wa Kibaluchi. Walakini liwali mwenye busara alijua kwamba neno lake halifiki mbali bila ridhaa ya majumbe. Richard Burton na John Speke walifika hapa Februari 1857, wakaupanda mto hadi kwenye vituo vya askari wa Sultani, Chogwe na Tongwe, kabla ya kuelekea Vuga kumwamkia Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Walipita njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi.

Njia hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wa mji. Ilifuata bonde la mto, ikapita Mazinde, ikaambaa na milima ya Upare, ikafika Kilimanjaro, na kutoka huko wenye moyo mgumu waliendelea hadi Umasaini kutafuta pembe za ndovu na vipusa. Mwenye msafara alichukua kwa Mhindi, kwa mkopo, majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi iliyopendwa mwaka ule, na masango ya waya wa shaba na wa chuma, akaandika wapagazi, akatoa ada kwa majumbe, akasomewa dua, akaondoka, na huenda asionekane tena mpaka kaskazi nyingine ivume. Yalikuwapo mambo mawili ya kuogofya katika biashara hiyo. La kwanza, Mmasai aliyebadili upendeleo wake wa shanga aliweza kumfilisi mtu aliyetembea miezi mitatu na mzigo wa rangi isiyotakiwa. La pili, deni halikusubiri: mtu akifa njiani, au akirudi mikono mitupu, shamba lake la minazi lililowekwa rehani lilikwenda kwa mdai. Ndiyo maana naona si haki kuwasifu wafanyabiashara wa zamani kwa utajiri wao pekee. Aghalabu walikuwa watu wa kubahatisha maisha, na hatari yao ilikuwa pwani sawasawa na nyikani.

Ilipofika nusu ya pili ya karne ya 19 Waarabu kadhaa walifyeka kingo za mto, penye udongo wa mafuriko, wakapanda miwa, wakasimika vinu vya kukamua na masufuria makubwa ya kuchemshia. Sukari guru ikawa inashuka kwa mashua hadi mjini na kuvushwa Unguja. Kazi ya miwa ni kazi isiyongoja: muwa uliokatwa huchacha usipokamuliwa upesi, na moto ulio chini ya sufuria hautaki kulala. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Wengine waliletwa kutoka mbali kusini, na wengine walitoka jirani mno, kwa maana pwani ile haikusahau njaa ya miaka ya 1830, iliyowafanya Wazigua wengi kujitoa wenyewe au watoto wao kwa ajili ya kula, wakapakiwa vyomboni hata wakafika Somalia; na huko, kando ya mto Juba, wajukuu zao wangali wanasema Kizigua hata leo. Mtu aliijibu dhuluma hiyo kwa miguu yake alipoweza. Watoro waliingia maporini nyuma ya mashamba, wakajenga vijiji vyao wenyewe, wakalima, wakajilinda kwa silaha, na wenye mashamba walijifunza kuwaogopa.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa mji mwaka 1888: majumbe wenye wivu juu ya ada zao, Waarabu wenye mashamba na madeni, Wahindi wenye hati za madeni hayo, watumwa na watoro wenye hesabu zao wasizozisahau. Katika mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani Seyyid Khalifa alitia saini mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Wajerumani forodha na utawala wa pwani ya Mrima, kuanzia tarehe 16 Agosti. Mjumbe wa kampuni aliyewekwa Pangani, Emil von Zelewski, hakujua kungoja. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe; liwali na watu walipokataa aliita askari wa manowari Carola, nao waliposhuka kumsaka liwali waliingia hata msikitini, na mbwa pamoja nao, katika siku za Idi ya Kuchinja, wakaiangusha na bendera ya Sultani. Wengine wanaeleza vita vilivyofuata kwa hesabu ya ushuru peke yake, na ushuru kweli ulikuwamo; ila mimi naamini kwamba pasingetokea kitendo kile cha msikitini, mji ungechukua muda mrefu zaidi kuwa na kauli moja.

Mwezi wa Septemba watu walimzingira Zelewski na wenziwe nyumbani mwao. Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeamuru jeshi la Sultani, alivuka kutoka Unguja akawaokoa roho zao, lakini hakuweza kuurudisha utii wa mji, maana watu walisema wazi kwamba Sultani aliyewauza si Sultani wao. Ndipo lilipoinuka jina la Bushiri bin Salim, wa ukoo wa Al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Ukoo wake ulikuwa na uhasama wa zamani na nyumba ya Al-Busaidi, naye mwenyewe hakuwa na jamala kwa Unguja. Wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka Usambara bila kujua mambo yaliyokwisha kugeuka, walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia ya rupia 10,000. Kisha Bushiri akaenda kuishambulia Bagamoyo.

Wajerumani waliviita vita hivyo maasi ya Waarabu, na jina hilo liliwafaa, kwa kuwa liliwawezesha kuomba fedha kwao kwa kisingizio cha kukomesha biashara ya watumwa. Lakini waliochukua silaha Pangani hawakuwa Waarabu tu. Walikuwamo Wazigua walioshuka kutoka vijijini, walikuwamo majumbe, walikuwamo maskini wa mji na watu waliokuwa watumwa; na kila kundi lilikuwa na dai lake, mengine yakimpinga Bushiri mwenyewe, ambaye mara nyingi alishindwa kuwazuia waliomfuata. Afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alifika mwaka 1889 na jeshi la Wasudani walioandikwa Misri na watu walioandikwa Msumbiji, na Julai mwaka huo Pangani ilipigwa mizinga ikatekwa. Bushiri alitangatanga bara, akakamatwa Uzigua, akaletwa katika mji ule ule, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakudumu. Wahehe wa Mkwawa walimwua Lugalo Agosti 1891. Mambo hayo yote Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliyatunga katika utenzi wakati ambapo majeraha yalikuwa bado mabichi, na waliousoma ulipotolewa kitabuni mwaka 1955 waliona kwamba walioshindwa nao walikuwa na mwandishi wao. Jina la Bushiri halikupotea: liko katika kijiji na kata ya wilaya hii, katikati ya mikonge, na watoto hulitaja kila siku waendapo shule.

Mwaka 1893 ulileta mambo mawili, moja Pangani na moja Tanga, na pamoja yaliamua khatima ya mji kwa miaka mia iliyofuata. La Tanga lilikuwa reli. Tanga ina ghuba yenye kina. Pangani ina fungu lake la mchanga. Reli ilipoanza kutandazwa kuelekea bara, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ilifuata karibu njia ile ile ya misafara, ila ikaingia baharini kwa mlango mwingine, na mzigo uliokuwa ukishuka Pangani vichwani mwa watu sasa ulipita kwa magurudumu na kumalizikia Tanga. Majumba ya mawe yenye milango ya nakshi yakaanza kubaki na wazee.

La Pangani lilikuwa sanduku la miche. Daktari Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mkonge. Ilipitia Hamburg, ikavuka bahari, na ilipofika kuwekwa ardhini Kikogwe, kusini ya lango la mto, iliyobaki hai ilikuwa 62. Mtu akizitazama leo safu za mikonge zinazokimbia hadi upeo wa macho, Tanga, Korogwe, Morogoro, Kilosa, na akakumbuka kwamba nchi hii wakati mmoja iliongoza dunia nzima kwa singa, na kwamba mwaka 1964 ilitoa zaidi ya tani 200,000, ni vigumu kuamini kwamba chanzo chake ni miche 62 iliyosalimika katika shamba la Pangani. Nami nataka habari hiyo ijulikane zaidi kuliko inavyojulikana.

Mkonge ulitaka watu, na watu wa pwani hawakuutaka. Nani angeacha minazi yake na bahari yake aende kuchomwa miiba kwa mshahara usiotosha nguo? Serikali ya Wajerumani, na baada ya mwaka 1916 ya Waingereza, ikatazama bara. Wakaja watu kutoka Unyamwezi, Buha, Songea, Umakonde na Urundi, kwanza kwa miguu, baadaye kwa magari ya shirika la wenye mashamba ambalo tangu mwaka 1944 watu walilijua kwa jina la Silabu. Kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi 30, nafasi moja kwa siku ya kazi, na hakupata mshahara mpaka kipande kijae; na kwa sababu bwana shamba aliwajua kwa namba kuliko kwa majina, wakaitwa manamba, neno ambalo mzee aliyewahi kuitwa hivyo hulitamka hata leo kwa sauti ya chini.

Mkataji aliamka usiku wa manane, akaingia safuni na kisu chake, akakata ncha ya kila jani isimchome jicho, akalikata jani shinani, akafunga matita ya majani 30, akayabeba begani hadi reli ndogo ya shamba. Majani yakapelekwa kwenye korona, mashine inayoyaparura huku maji yakimwagika na harufu ya uchachu ikizagaa maili nzima, na mwishowe singa nyeupe zikaanikwa kwenye nyaya kama nywele za bibi harusi. Wengi walikuja kwa mkataba wa muda na kurudi kwao. Waliobaki walipata wake wa Kizigua na Kibondei, wakapata kiwanja, wakafundisha watoto Kiswahili cha Mrima na wenyewe wakaendelea kukisema kwa lafudhi ya bara. Singa za nailoni zilipoteremsha bei, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakaanza kuingiwa na pori, korona nyingi zilinyamaza. Manamba hawakuwa tena na kazi iliyowaleta, ila tayari walikuwa na makaburi ya wazazi wao hapa.

Juu ya utawala sitasema mengi. Wajerumani waliweka akida juu ya majumbe, Waingereza wakawaweka maliwali, uhuru ukawaondoa wote. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa mwaka 1984, na tangu hapo Halmashauri ya Pangani imekuwa ikiendesha shule, zahanati na barabara kwa mapato ya wilaya isiyo na kiwanda kikubwa, ambayo rasilimali zake kubwa ni mnazi na samaki.

Basi na tuutazame mnazi, kwa kuwa ulikuwapo kabla ya miwa na umebaki baada ya mkonge. Mtu wa hapa haoni tunda moja juu ya mti. Anaona upunga ukitoa kidaka, kidaka kikiwa kitale, kitale kikiwa dafu, dafu likiwa koroma, koroma ikiwa nazi, na nazi iliyoachwa ikikauka ndani ya kifuu ikawa mbata, na kila hali ina bei yake na mnunuzi wake. Shina huwa la mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Minazi hurithiwa, huwekwa wakfu, hutolewa mahari. Makuti huezeka, makumbi huwashwa au hufukiwa pwani yaoze yapate kusokotwa kamba. Wakati wa njaa mnazi haukukimbia kama bei ya singa. Maradhi yanayoukausha kutoka kileleni yameharibu mashamba mengi, na kwangu hilo ni msiba mkubwa kuliko kufungwa kwa korona yoyote, kwani mnazi uliokufa leo hauna badala yake mpaka miaka sita au saba ipite.

Upande wa bahari, Kipumbwi ndiyo soko la usiku. Wavuvi hutoka mwezi usipokuwapo, wakaning'iniza taa juu ya maji, dagaa wakakusanyika chini ya mwanga, wavu ukainuliwa. Na alfajiri wanawake huwachemsha kwa maji ya chumvi na kuwatandaza juani, pwani yote ikameta fedha. Wenye ngalawa na mishipi hutafuta changu, nguru na kolekole kwenye miamba. Wazee husimulia habari za Maziwe, kisiwa kilichokuwa na mivinje na kivuli, ambapo kasa walipanda kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, lakini kabla miaka ya 1970 haijamalizika miti ilikuwa imekwisha na bahari ikalamba udongo. Leo ni fungu la mchanga liinukalo maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawakupata habari hiyo. Bado huja kutaga pale pale, na watu huyafukua mayai yao na kuyahamishia pwani ya Ushongo, yasizame. Mtoni nako, kwa kuwa maji ya juu yamezuiwa Nyumba ya Mungu na kuendesha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, chumvi hupanda mbali kuliko zamani, na mkulima wa kingoni huionja kwenye kisima chake.

Siku niliyovuka mara ya mwisho ujenzi wa daraja la mita 525 ulikuwa umekwisha kuanza, na wavukaji walilizungumza kwa furaha, isipokuwa wauza madafu wa gatini. Upande wa Bweni nilimkuta mzee mmoja chini ya mwembe, mbele yake kifuo kimechomekwa ardhini ncha juu, kushoto lundo la nazi, kulia lundo la zilizofuliwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimamisha mikono. Alinieleza kwamba babu yake mzaa baba alitoka Buha na kipande mfukoni, na bibi yake mzaa mama ni wa Mkwaja, Mzigua, katika watu waliokimbilia porini wakati mizinga ilipopigwa. Kila neno moja, nazi moja: anaiinua kwa mikono miwili, anaishindilia kwenye ncha, anaizungusha kwa kiganja, anashindilia tena, kumbi linaachia kwa mlio kama wa nguo ichanikayo. Pantoni ilipopiga honi alisimama, akazihesabu zilizofuliwa, akamwita kijana wake aje na baiskeli, akasema zimebaki tatu kutimia mia, nimsubiri.